Kasi ya Ukanda: Sinema, Jenereta na Mafundi katika Ziwa Kivu

Kabla sinema haijahamia kwenye faili za kompyuta, kila filamu iliyoonyeshwa duniani ilikuwa ukanda mrefu uliopangwa picha ndogondogo zisizosogea, na uhai wote wa filamu hiyo ulitegemea mwendo ambao mashine iliupa ukanda. Ukanda ukienda kwa kasi ileile iliyotumika kupiga picha, mtazamaji humwona mtu akitembea na kumsikia akisema. Ukichelewa, mtu yuleyule huonekana kama anayetembea ndani ya maji na sauti yake hushuka hadi kuwa mngurumo. Ukizidi kasi, hurukaruka na sauti yake hulia kama ya kifaranga. Historia ya sinema katika Kivu, eneo la mashariki mwa Kongo linalozunguka ziwa lenye jina hilo, imeandikwa mara nyingi kwa kufuata majina ya wamisionari waliopiga filamu, sheria za udhibiti na makusudi ya serikali ya kikoloni, lakini ni nadra kuandikwa kwa kufuata suala la kasi, ingawa ndilo lililoamua, jioni baada ya jioni, kama watu waliokusanyika mbele ya shuka jeupe wataona filamu au watarudi nyumbani kabla haijaisha.

Kisiwa cha Idjwi kinafaa kuwa kipimo cha maelezo hayo. Kiko ndani ya Ziwa Kivu, Bukavu ikiwa kusini yake na Goma kaskazini, na kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika huhesabiwa kuwa cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya kisiwa hupita mita 2,000. Bukavu, ambayo hadi miaka ya 1950 jina lake rasmi lilikuwa Costermansville, ilipata umeme wa mto Ruzizi kutoka kituo cha Mururu mwishoni mwa miaka hiyo, lakini nyaya hizo hazikuvuka maji kwenda Idjwi, na kwa vizazi kadhaa mashine yoyote ya umeme iliyoshushwa kwenye ufuko wa kisiwa ilipaswa kushushwa pamoja na injini ya kuilisha. Mjini, kati ya ukanda wa filamu na chanzo cha nguvu yake palikuwa na mtambo mkubwa, transfoma na waangalizi wa zamu. Kisiwani palikuwa na dumu la petroli na mtu mmoja aliyejua kusikiliza.

Kasi yenyewe haikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Ndugu Lumière walipoonyesha filamu zao Paris mwaka 1895, mashine ilizungushwa kwa mkono, na kwa kadiri ya picha 16 kwa sekunde macho ya mwanadamu yaliridhika. Mkono uliochoka ulipunguza mwendo na mkono wenye haraka uliuongeza, bila mtu kulalamika sana, maana picha peke yake huvumilia mengi. Hali hiyo ilibadilika katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, sauti ilipofungamanishwa na picha, kwa kuwa sikio halina uvumilivu wa jicho: badiliko la asilimia sita hivi katika mwendo hushusha au kupandisha muziki kwa nusu toni, na mwimbaji yeyote wa kwaya hulitambua, ilhali badiliko hilohilo katika picha halitambuliwi na mtu. Ndipo picha 24 kwa sekunde zikawekwa kuwa kanuni. Katika ukanda wa milimita 16, ambao Kodak iliutoa mwaka 1923 na ambao ndio uliobebwa na wamisionari na magari ya serikali kote Afrika kwa sababu ya wepesi wake, kanuni hiyo ni sawa na sentimita 18 na kidogo kwa sekunde, au mita 11 hivi kwa dakika.

Ili kuelewa jinsi kasi inavyoharibika, inafaa kuufuata ukanda ndani ya projekta. Ukanda huteremka kutoka gurudumu la juu, hushikwa na gurudumu dogo lenye meno, kisha huachwa ulegee kwa umbo la kitanzi, yaani mkunjo wa wazi usioguswa na kitu, kabla ya kuingia kwenye dirisha la taa. Hapo kucha ndogo ya chuma huingia kwenye vitundu vya pembeni mwa ukanda, huuvuta hatua moja, hutoka, huuacha utulie huku mwanga ukipita, kisha hurudi kuuvuta tena, mara 24 kwa kila sekunde. Kwa maneno mengine, mbele ya taa ukanda hauendi bali husimama na kuruka. Chini ya dirisha kuna kitanzi cha pili, na baada yake ukanda huzunguka ngoma iliyoshikamana na gurudumu zito, ambako mwanga mwembamba husoma mchoro wa sauti uliochapwa kwenye ukingo wa ukanda. Na hapo ukanda haupaswi kuruka hata kidogo, bali uteleze kama mafuta. Sauti ya picha fulani huchapwa picha 26 mbele ya picha hiyo, na hivyo ndani ya urefu wa sentimita 20 hivi mwendo wa kurukaruka unapaswa kugeuka kuwa mwendo laini. Kitanzi kikipotea, kwa mfano kwa sababu vitundu viwili vimechanika, mruko wa kucha hufika moja kwa moja kwenye ngoma, na sauti huanza kutetemeka kama ya mtu anayeongea akiwa juu ya gari kwenye barabara mbovu.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo fundi huiona mara moja. Nyingine hujificha. Mota za projekta nyingi za milimita 16 zilikuwa za aina ambayo ikiachwa huru huongeza mwendo bila mpaka, na kwa hiyo zilifungiwa kidhibiti mwendo, kifaa kidogo chenye vizito vinavyotanuka kadiri mota inavyozunguka kwa kasi, hadi vinatenganisha ncha mbili za umeme na kuikatia mota nguvu kwa muda mfupi mno, kisha vikajikunja na kuirudishia. Ncha hizo zikiungua au zikishika kutu, mota husitasita. Zikigandana, hukimbia ovyo. Vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota vikilika, mwendo hudhoofu polepole kwa wiki kadhaa, na mwendeshaji aliyeizoea mashine yake ndiye wa mwisho kulitambua jambo hilo. Belti inayozungusha gurudumu la kupokea, ikidondokewa na mafuta, huteleza. Gurudumu likishiba ukanda na kuwa zito, huvuta kwa kusitasita, na mvuto huo usio sawa hurudi nyuma hadi kwenye ngoma ya sauti. Makosa haya hujitokeza mwishoni mwa filamu zaidi kuliko mwanzoni, na wakati yanapotokea ni dalili yenye thamani kuliko sauti yake.

Mashine za namna hii zilifika Kivu kwa njia mbili zilizokutana mara kwa mara. Njia ya kwanza ilikuwa ya serikali: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idara ya habari ya serikali kuu ya kikoloni huko Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ilitengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo na kutuma magari ya sinema yaliyobeba projekta, spika na jenereta. Njia ya pili ilikuwa ya misheni, nayo ndiyo iliyoacha alama ya kina zaidi katika Kivu. Léopoldville palikuwa na padre Alexandre Van den Heuvel wa Shirika la Scheut na kituo chake cha sinema ya Kikatoliki. Luluabourg, ambayo sasa ni Kananga, palikuwa na padre Albert Van Haelst, aliyewatoa Matamata na Pilipili, wachekeshaji waliopendwa nchi nzima. Na Bukavu palikuwa na Africa Films ya Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, ambamo Roger De Vloo na Eric Weymeersch walipiga filamu kwa kutumia waigizaji wa hukohuko. Wakati huohuo sheria iliwatenga watazamaji: amri ya mwaka 1945 ilikataza wasio Wazungu wala Waasia kuingia palipoonyeshwa filamu ambazo tume ya udhibiti haikuziruhusu kwa ajili yao, kwa hiyo kwa Mkongo wa kawaida sinema halali ilikuwa hasa ile aliyoletewa uwanjani na misheni au na gari la serikali.

Pamoja na mashine ilikuja nadharia, nayo ilihusu kasi vilevile. Katika makoloni ya Uingereza, William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida, na kwamba lazima atengenezewe filamu ya polepole, isiyo na ujanja wa kamera, ambayo kila tendo hufuatwa mwanzo hadi mwisho bila kurukwa. Upande wa Ubelgiji, L. Van Bever, aliyeongoza shughuli za filamu katika idara ya habari ya Kongo, aliandika kitabu kizima kuhusu sinema kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1950, chenye mwelekeo uleule. Nadharia hiyo ilienea sana hata ikaonekana kama matokeo ya utafiti, nayo ilikuwa na faida kubwa kwa wenye kuishika: kila mara watazamaji walipochoka, walipocheka pasipostahili au walipouliza maswali, sababu ilitafutwa machoni mwao.

Hapa ndipo historia ya kiufundi inapodai kusikilizwa. Watazamaji waliochunguzwa hawakuitazama filamu kama ilivyotoka maabara ya Brussels au London. Waliitazama kupitia kopi iliyokwisha kupita katika mamia ya vijiji, iliyokatwa na kuungwa, ikiendeshwa na jenereta inayopumua kwa shida, na mara nyingi ikiwa na spika moja tu. Mtu aliyesikia sentensi ikishuka na kupanda, akaona mkulima wa filamu akigeuka ghafla kutoka shambani hadi ndani ya nyumba kwa sababu picha 40 za katikati zilichanika wiki iliyotangulia, alikuwa na haki ya kutoelewa. Kwa upande mwingine, vijana wa vitongoji vya Léopoldville waliojiita Bills katika miaka ya 1950, kwa kumfuata Buffalo Bill, walizifuata filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zenye mbio za farasi na bastola, wakaiga mavazi, mwendo na maneno yake hata wakazaa lugha yao ya mtaani. Na hakuna filamu zenye kasi kuliko hizo. Macho ya Waafrika hayakuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa katika mashine na kopi walizopelekewa, na ni masikitiko kwamba kosa la kidhibiti mwendo liliweza kuandikwa vitabuni kama tabia ya watu.

Jenereta inahitaji maelezo yake, kwa sababu katika Kivu ndiyo iliyokuwa chimbuko la makosa mengi. Umeme wa aina inayotumiwa majumbani hubadilisha mwelekeo wake mara kadhaa kwa sekunde, na kipimo cha kawaida katika Kongo ni mizunguko 50. Jenereta ndogo hupata kipimo hicho pale tu injini yake inapozunguka kwa kasi iliyowekwa, kwa mfano mara 1,500 kwa dakika kwa mashine yenye ncha nne za sumaku. Injini ikilemewa, mizunguko hupungua pamoja na volti. Sasa projekta yenye taa ya wati 750 au 1,000 huianza kazi yake kwa mota peke yake, ikisubiri ukanda ushike mwendo, kisha mwendeshaji huwasha taa. Na mara taa inapowaka injini huinama chini ya mzigo, sauti ya muziki wa mwanzo hushuka, na ikiwa mota ni ya aina inayofuata mizunguko ya umeme, ukanda mzima huchelewa. Jenereta iliyoshuka hadi mizunguko 47 hushusha kila sauti ya filamu kwa nusu toni, na ukanda wa dakika 44 humalizika katika dakika 47 hivi.

Mwinuko huongeza tatizo hilo. Injini ya petroli isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na petroli haipati oksijeni ya kutosha. Kwenye ufuko wa Ziwa Kivu hasara hiyo inafika karibu asilimia 15, na kwenye vilima vya ndani vya Idjwi inakaribia moja ya tano. Jenereta iliyoandikwa wati 1,500 kiwandani, mahali penye usawa wa bahari, ilipofika kisiwani ilikuwa na wati 1,200 au 1,300 za kweli, na kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ilimimina petroli kupita kiasi, ikachafua plagi na kuifanya injini ikohoe. Mwendeshaji aliyefuata hesabu ya karatasi alishangaa kwa nini taa, amplifaya na mota, ambavyo kwa pamoja havikuzidi uwezo ulioandikwa, viliizidi nguvu mashine yake. Mvua za Septemba hadi Mei zililazimisha maonyesho ya wazi yasubiri kiangazi cha Juni, Julai na Agosti, na unyevunyevu wa miezi hiyo mirefu uliingia kwenye makopo ya filamu. Ukanda wa asetati, ambao ni plastiki iliyotumika kwa filamu za milimita 16, huvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Ukisinyaa kufikia asilimia moja hivi, vitundu vyake havioani tena na kucha, na kitanzi hupotea kila baada ya dakika chache hata kama mashine ni nzima. Harufu ya siki kwenye kopo ndiyo dalili ya kwanza ya ukanda uliokwisha kuanza kuoza.

Upimaji wa kasi mahali kama hapo ulikuwa na mtego wake. Viwanda vilitoa kisahani chenye mistari kinachobandikwa kwenye mhimili: taa ya umeme, ambayo hupepesa mara 100 kwa sekunde, huifanya mistari ionekane imesimama ikiwa mwendo ni sawa. Lakini taa hiyo ikilishwa na jenereta ileile iliyochelewa, na mota ikiwa ni ile inayofuata mizunguko ya umeme, vyote viwili huchelewa kwa pamoja, mistari husimama kimya, na kisahani hutoa ushahidi wa uongo kwa utulivu mkubwa. Njia isiyodanganya ilikuwa ya saa ya mkononi: kutia alama kwenye picha moja ya ukanda wa majaribio, kuhesabu picha 1,440 mbele, kutia alama ya pili, na kuangalia kama dakika moja kamili inapita kati ya alama hizo. Njia ya tatu ilikuwa sikio. Wimbo wa kanisa unaojulikana na wote, wenye noti ndefu, hufichua mawimbi ya kasi ambayo maongezi huyaficha. Na mngurumo wa jenereta yenyewe, ikiwa imewekwa nyuma ya kilima ili isiwasumbue watazamaji, humwambia fundi juu ya mzigo wake kabla spika haijasema lolote. Aliyesikia injini inashuka alijua kwamba baada ya nukta chache padre wa kwenye filamu ataanza kuongea kwa besi.

Matatizo ya kuoanisha mwendo na sauti yalikuwa yamekwisha kuonekana Afrika Mashariki hata kabla ya vita. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la filamu za elimu lililoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilitengeneza filamu za milimita 16 ambazo sauti yake haikuchapwa kwenye ukanda bali ilirekodiwa kwenye santuri, ili filamu moja iweze kupewa maelezo ya lugha mbalimbali kwa gharama ndogo, kisha zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wazo lilikuwa la busara, lakini santuri na ukanda ni mashahidi wawili wasiosikilizana: ukanda ukikatika na fundi akauunga kwa kupoteza picha 24, picha inaitangulia santuri kwa sekunde moja, na tangu hapo hadi mwisho kila neno linachelewa nyuma ya tendo lake. Kila kiungo kipya kiliongeza pengo, na kopi iliyosafiri zaidi ndiyo iliyokuwa mbovu zaidi.

Kivu walikuwa na jibu lingine, nalo halikutoka kiwandani. Katika maonyesho ya misheni na ya serikali ilikuwa desturi kumweka mtoa maelezo mwenye kipaza sauti kando ya projekta, ambaye aliieleza filamu kwa lugha ya wasikilizaji. Sababu iliyotajwa ilikuwa wingi wa lugha: kuzunguka Bukavu watu husema Mashi, Idjwi na ng'ambo yake Kihavu, na Kiswahili huwaunganisha, na isingewezekana kuchapa sauti tofauti kwa kila upande wa ziwa. Lakini desturi hiyo ilikuwa na manufaa ya pili ambayo haikupewa uzito unaostahili. Sauti ya mtoa maelezo haikupita kwenye ngoma ya projekta. Jenereta ikiinama, picha ilichelewa kidogo bila mtu kutambua, naye aliendelea kusema kwa sauti yake ya siku zote. Ukanda ukikatika, alijaza giza kwa maneno mpaka kiungo kikauke. Kopi ikiwa imepoteza picha 40, yeye alieleza kilichotokea katika pengo hilo, kwa kuwa aliwahi kuiona ikiwa nzima. Filamu isiyo na sauti, iliyopigwa kwa picha 16 au 18 kwa sekunde, iliweza kuendeshwa kwa kasi yake ya asili na kuokoa ukanda, kitu ambacho filamu ya sauti haikukiruhusu. Katika mtambo mzima uliovushwa ziwa, binadamu huyo ndiye aliyekuwa sehemu pekee inayoweza kujirekebisha yenyewe. Warithi wa kazi hiyo wako hai katika Afrika Mashariki yote: watafsiri wa vibanda vya video Kampala, ambako huitwa vijei, na wale wa Dar es Salaam na Nairobi wanaozipa filamu za Hong Kong na za Kihindi Kiswahili cha mtaani.

Tukirudi kwenye mashine zenyewe, katika majumba makubwa ya Ulaya mhandisi na mwenye sinema wa Ujerumani, Willi Burth, alikuwa akitafuta dawa ya tatizo tofauti kidogo, na katika miaka ya 1960 akabuni sahani za filamu: meza za duara zilizolazwa moja juu ya nyingine, ambazo filamu nzima ya milimita 35, yenye urefu wa kilomita tatu na zaidi, hulala juu ya mojawapo, huvutwa kutoka katikati, hupita kwenye projekta na kurudi kujikunja kwenye sahani ya pili, bila kuhitaji kurudishwa mwanzo. Sahani hizo zilipunguza wafanyakazi, lakini suala la kasi zililihamishia mahali pengine. Ukanda hutoka daima mita 27 kwa dakika, ilhali duara la ndani hupanuka kadiri ukanda unavyoisha, kwa hiyo sahani lazima ianze kwa mizunguko 30 na zaidi kwa dakika na imalize kwa saba au nane. Kazi ya kuipunguza hatua kwa hatua hufanywa na mkono mwepesi ulio katikati, unaoguswa na ukanda wenyewe: ukanda ukikaza, mkono huinuka na kuiambia mota iongeze; ukilegea, hushuka na kuiambia ipunguze. Vumbi kwenye kihisi cha mkono huo, mpira wa kuendeshea ulioisha, au umeme tuli unaozifanya tabaka mbili za ukanda zishikane, huifanya sahani ianze kuyumba, ikienda kwa kasi kupita kiasi kisha ikisita, hadi ukanda unajizungusha kwenye kitovu na kujikaza kama kamba ya pia. Anayeifahamu projekta ya misheni atatambua kwamba mkono huo unafanya, kwa umeme, kazi ambayo kidole cha fundi kilifanya kwenye ukingo wa gurudumu la kupokea lililoanza kusitasita.

Sahani zilipokuwa zikienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970, majumba ya sinema ya Kongo yalikuwa yakipita katika misukosuko ya namna nyingine. Bukavu ilikuwa imeharibiwa na vita vya mamluki wa Jean Schramme, walioushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967. Tangazo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973 liliwanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa wananchi waliochaguliwa, na pamoja na maduka na mashamba mnyororo wa usambazaji wa filamu na vipuri nao ukakatika. Projekta isiyopata vipande vya kaboni wala taa mpya hufa pole pole, na fundi wake hulazimika kuokoa moja kwa viungo vya mbili. Video ilipoingia katika miaka ya 1980, ilikuta nafasi iliyokwisha kuachwa wazi, na katika miji ya Kongo majumba mengi ya zamani yakawa makanisa. Jambo moja la video linastahili kutajwa hapa: mfumo wa televisheni uliotumika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulifanana na ule wa Ulaya na ulikwenda kwa picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu zilizohamishiwa kwenye kaseti ziliendeshwa kwa asilimia nne zaidi ya kasi zilizopigiwa, na filamu ya saa mbili ilikwisha karibu dakika tano mapema. Kizazi kizima kiliwajua waigizaji wa India na Marekani kwa sauti nyembamba kidogo kuliko zao halisi.

Projekta za leo zinazopelekwa vijijini na mashirika ya amani na ya afya katika Kivu Kusini hupimwa mwendo na fuwele ya kwatsi, ambayo haijali injini imelemewa au la. Umeme ukishuka, sauti haibadiliki. Mashine hujizima tu, na jenereta kwenye mwinuko wa Idjwi ina sababu zilezile za kulemewa ilizokuwa nazo zamani.

Kanda za enzi ya Africa Films, zile ambazo siki haijazimaliza, ziko mbali na ziwa, katika hifadhi za Ubelgiji kama KADOC ya Leuven na jumba la makumbusho la Tervuren, na zinapohamishiwa kwenye kompyuta swali la kasi hurudi mezani. Filamu ya sauti haina shida, ni picha 24. Filamu bubu haikuandikwa popote iliendeshwa kwa kasi gani, na anayeihamisha hulazimika kuangalia jembe linavyoshuka, mtumbwi unavyopigwa kasia na maji yanavyorudi chini baada ya kurushwa, kisha kuchagua kati ya 16, 18 na 20 mpaka uzito wa vitu uonekane wa kweli. Maneno yaliyosemwa juu ya picha hizo kwa Kihavu, Mashi na Kiswahili hayamo kwenye ukanda.